NANI AHESABU SIKU ZA KIBARUA?



Mwaka 1988 Wakenya walipangwa mistari nyuma ya wagombea wa chama kimoja, kura ya siri ikiwa imetupwa kando katika hatua ya uteuzi. Huo ndio uliokuja kuitwa mlolongo. Katika sehemu nyingi mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi, na mfupi ukatangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya wale wale waliosimama katika mistari hiyo. Somo walilolipata wananchi mwaka ule halijafutika: haki ya kupiga kura haina maana ikiwa mwenye kuhesabu ndiye anayefaidika na hesabu mbovu. Ndiyo sababu wapigania mageuzi hawakuridhika mlolongo ulipofutwa mwaka 1990, wala kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipoondolewa mwezi wa Desemba 1991 na vyama vingi vikaruhusiwa. Walizidi kudai kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa, mbele ya mawakala wa pande zote, hata jambo hilo likatimizwa katika uchaguzi wa mwaka 2002.

Leo nataka kuzungumza juu ya mlolongo mwingine, ambao mpaka sasa hakuna aliyeufuta. Nenda kabla ya jua kuchomoza katika eneo la viwanda jijini Nairobi, au Changamwe kule Mombasa, au Thika, au penye mashamba ya maua ya Naivasha. Utawakuta watu wamepanga mstari nje ya lango. Nyapara hutoka na kunyosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Wanaochaguliwa huingia, hufanya kazi kutwa, na jioni hulipwa ujira wa siku. Kesho hurudi mstarini. Mara nyingi huchaguliwa wale wale, kwa kazi ile ile, penye mashine ile ile. Mwaka hupita, na miaka mitano, na kumi. Lakini katika daftari la mwajiri, kama daftari lipo, miaka yote hiyo ni siku moja tu iliyorudiwa mara elfu.

Nashikilia kwamba mlolongo huo ni ndugu wa ule wa mwaka 1988. Hapa pia haki imeandikwa katika sheria. Na hapa pia huibwa wakati wa kuhesabu.

SHERIA YASEMAJE?

Jambo lenyewe huitwa utumishi mfululizo. Ni jina la wanasheria, lakini maana yake si ngumu: ni muda ambao mfanyakazi amemtumikia mwajiri mmoja pasipo kukatika. Haki nyingi za mfanyakazi wa Kenya zimefungwa kwenye kamba hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa malipo kamili baada ya kila miezi 12 mfululizo. Inampa anayeugua siku saba za malipo kamili na saba nyingine za nusu ya malipo katika mwaka, mradi ametimiza miezi miwili mfululizo. Anayepoteza kazi kwa sababu kazi yenyewe imepunguzwa anastahili malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Anayelipwa kwa mwezi hapaswi kuachishwa kazi bila ilani ya maandishi ya siku 28, au malipo badala ya ilani hiyo.

Sasa mtazame kibarua. Sheria hiyo hiyo yamweleza kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Mkataba wake waweza kukomeshwa jioni yoyote bila ilani. Kila alfajiri yeye ni mgeni, na mgeni hadai likizo wala hadai malipo ya miaka.

Waliotunga sheria hawakuwa vipofu wa hatari hiyo. Waliweka kifungu cha 37, ambacho kila mfanyakazi angepaswa kukijua kama anavyolijua jina lake. Kifungu hicho chasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa kipindi, au kwa siku za kazi za mfululizo, ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa ni wa kulipwa kwa mwezi. Huo ndio mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni huu: akifanya kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kutarajiwa kumalizika katika siku ambazo jumla yake ni miezi mitatu au zaidi, mkataba wake hugeuka vilevile. Sheria ikaongeza kwamba baada ya siku sita za kazi kibarua anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo, pamoja na sikukuu za kitaifa, zihesabiwe kuwa ni sehemu ya mfululizo. Tena, ambaye mkataba wake umegeuka, na akafanya kazi miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoingia, anastahili masharti yote ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua.

Maneno hayo yamekuwa sheria ya nchi tangu mwaka 2008. Mbona basi mlolongo wa langoni haujapungua?

UFUNDI WA KUVUNJA MWEZI

Miaka michache iliyopita alinijia ofisini mzee mmoja aliyekuwa mpakiaji katika ghala la unga ambalo sitalitaja. Alikuwa amebeba magunia hapo kwa miaka tisa. Nilipomwomba barua ya ajira alicheka. Alichokuwa nacho ni mfuko wa plastiki wenye vikaratasi vya kuingilia langoni, na simu yenye ujumbe wa M-Pesa, kwa kuwa katika miaka ya mwisho kampuni ilikuwa imeacha kulipa taslimu. Siku mashine ya kupakia ilipoletwa, yeye na wenzake waliambiwa wasirudi. Hapakuwa na ilani, hapakuwa na malipo, na afisa wa leba hakuarifiwa.

Jibu la mwajiri lilikuwa fupi. Walisema mtu huyo hakuwa mfanyakazi wao. Alikuwa kibarua aliyekuja na kuondoka apendavyo, na ushahidi ni kwamba kila mwezi hakuonekana kazini kwa siku kadhaa. Tukaketi na simu yake, tukaandika tarehe za malipo moja baada ya nyingine kwa miezi thelathini. Ilikuwa kweli kwamba kila mwezi palikuwa na pengo. Lakini pengo hilo lilikuwa daima mwishoni mwa mwezi, siku tatu au nne, na lilikuwa kwa kundi zima la wapakiaji kwa pamoja. Mtu anayeondoka apendavyo haondoki kila mwezi tarehe zile zile pamoja na wenzake arobaini. Wao wenyewe walikuwa na jina la jambo hilo: kuvunja mwezi. Nyapara alikuwa akiwaambia, "Nendeni mkapumzike, mwezi unavunjwa."

Tufanye hesabu ambayo mwajiri hakutaka ifanywe. Miaka tisa, kila mmoja siku 15, ni malipo ya siku 135 kwa mtu aliyeondolewa na mashine. Likizo za miaka tisa ni siku 189 ambazo mwili wake ulipaswa kupumzika na haukupumzika. Zote hizo zilifutwa kwa pengo la siku tatu au nne kila mwezi. Kesi ile ilimalizika kwa maafikiano, kwa kiasi kidogo kuliko haki yake, kwa kuwa alikuwa na karo ya kulipa na hakuweza kuingojea mahakama. Mwajiri aweza kungoja. Mwenye njaa hawezi. Hilo nalo limo katika hesabu yao.

Kuvunja mwezi ni njia moja tu. Nyingine ni kumleta wakala. Siku moja kibarua huambiwa kwamba tangu leo mwajiri wake si kiwanda tena, bali ni kampuni ambayo hajapata kuiona, yenye afisi chumba kimoja ghorofani. Mashine ni ile ile, nyapara ni yule yule, bali miaka yake imeanza upya. Baada ya muda wakala naye hubadilishwa, na hesabu inarudi tena sifuri. Njia ya tatu ni kubadili jina la malipo: badala ya ujira wa siku, analipwa kwa gunia, kwa shada, kwa kilo. Hili si jambo dogo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa Pwani, ilieleza kwamba kifungu cha 37 humgeuzia mkataba kibarua, wala si mtu anayelipwa kwa kipimo cha kazi. Wanasheria wa waajiri waliisoma hukumu hiyo vizuri sana. Mlango uliofunguliwa na sheria ukapata ukuta nyuma yake.

Tena usidhani mzigo huu wawaangukia wanaume wapakiaji peke yao. Sheria yampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, wala haikuweka sharti la muda aliotumika. Lakini kibarua mwenye mimba hafukuzwi. Siku nyapara anapoliona tumbo, kidole chake humpita tu. Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna wa kushtakiwa. Amerudi nyumbani na mimba yake, na haki yake imebaki kwenye kitabu.

WASIYOTAKA KUYASOMA

Waajiri wengi, na mawakili wenzangu wanaowashauri, hulishika neno moja la kifungu cha 37, yaani mfululizo, wakalipiga kelele mpaka maneno mengine yasisikike. Hebu tuyarudie yale wanayoyaruka.

Kwanza, sheria yasema "kwa jumla". Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo siku zinavyojaza mwezi. Kama Bunge lingalitaka siku thelathini zisizo na tundu hata moja, lisingalikuwa na haja ya kutaja jumla, wala lisingalijishughulisha kutuambia kwamba siku ya mapumziko na sikukuu zihesabiwe. Sheria inayozihesabu hata siku ambazo mtu hakufanya kazi haiwezi kuwa na nia ya kumpokonya haki yake kwa sababu alifungiwa lango siku tatu.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, mlango wa pili wa kifungu hicho hautazami kalenda kamwe. Watazama kazi yenyewe. Hauulizi kibarua alikuwa wapi jana. Waulizia kazi hii itakwisha lini. Je, kusaga unga kutakwisha baada ya miezi mitatu? Je, kukata maua ya kupelekwa Ulaya, ambako kumeendelea Naivasha kwa miongo mingi? Je, kupakua makasha bandarini? Kazi isiyokwisha haifanywi kibarua kwa kumbadilisha anayeifanya. Mwajiri anayevunja mwezi ameziba mlango mmoja, akauacha wa pili wazi. Na sisi, kwa uzembe wetu, hatuupiti.

Tatu, sheria imekwisha kusema kalamu iko mkononi mwa nani na adhabu ya kutoitumia ni nini. Mkataba ambao siku zake za kazi kwa jumla zafikia miezi mitatu ni lazima uwe wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Maelezo ya ajira yanapaswa kutaja tarehe ambayo utumishi mfululizo ulianza, pamoja na utumishi kwa mwajiri aliyetangulia ikiwa wahesabika. Mwajiri anapaswa kuweka kumbukumbu za wafanyakazi wake, vibarua wakiwemo. Na ikiwa kesi itaanza naye asiweze kuleta mkataba huo wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Huu ndio upanga uliolala alani. Kila siku mahakamani mwajiri asiye na karatasi hata moja husimama akamwambia mfanyakazi, "Thibitisha." Nani amempa ruhusa ya kuigeuza sheria juu chini?

MAHAKAMA ZILIPOSEMA KWELI

Si haki kusema kwamba mahakama zimenyamaza. Sheria ya mwaka 2007 ilikuwa na sharti lililowazuia wafanyakazi ambao hawajatimiza miezi 13 mfululizo wasilalamike kwamba wameachishwa kazi isivyo haki. Maana yake ni kwamba mwajiri aliruhusiwa kudhulumu kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja, mradi aihesabu kalenda yake vyema. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sharti hilo lapingana na Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 41 yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walisema vivyo hivyo juu ya sharti lililomnyima aliye katika kipindi cha majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi.

Msingi wa hukumu hizo ni mmoja: utu wa mfanyakazi hauanzi mwezi wa kumi na tatu. Muda aliotumika waweza kuongeza kiasi cha malipo, kwa kuwa aliyetumika miaka tisa amempa mwajiri mengi kuliko aliyetumika mmoja. Lakini muda hauwezi kuwa ndio unaoamua kama yeye ni mtu wa kusikilizwa ama si mtu.

Wale walioishi chini ya utawala wa chama kimoja wanaijua hoja hiyo kwa jina lingine. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakapokonywa kinga ya kudumu katika kazi zao. Mwaka 1988 wakafuata majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa. Mawakili na viongozi wa makanisa walipinga jambo hilo, na mwaka 1990 kinga hiyo ikarudishwa. Hoja yao ilikuwa rahisi: jaji anayeweza kufukuzwa jioni hawezi kusema kweli asubuhi. Nami nauliza, hoja hiyo ilikuwa ya majaji peke yao? Kibarua anayeweza kuachwa langoni kesho hatajiunga na chama cha wafanyakazi leo. Hatasema kwamba mashine haina kinga. Hatamkatalia nyapara anayetaka rushwa ya fedha, wala dada zetu hawatamkatalia anayetaka rushwa ya mwili. Uhuru wa kusema tuliopigania mitaani unakoma langoni pa kiwanda, kwa kuwa ndani ya lango kila mtu anatawaliwa kwa hofu ya kesho.

SERIKALI NAYO YAVUNJA MWEZI

Ingekuwa nafuu kama serikali ingekuwa mfano mwema. Sivyo. Wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020, wakati wa janga la korona, chini ya mpango wa afya kwa wote, walipewa mikataba ya miaka mitatu. Mikataba ikaongezwa, wakabaki katika hali ile ile, na mwaka 2025 walikuwa barabarani wakidai ajira ya kudumu. Je, malaria ilikuwa ni kazi ya miaka mitatu?

Walimu wa sekondari msingi, watu wenye shahada na leseni, waliajiriwa kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi, wakafundisha masomo yale yale na kubeba wajibu ule ule wa walimu wengine. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri kwa njia hiyo. Mwezi uliofuata walimu hao walikuwa katika mgomo. Ilipofika Januari 2025 ndipo walimu wapatao 46,000 walipoingizwa katika ajira ya kudumu. Serikali inayofanya hivyo itakuwa na uso gani wa kumwendea mwenye kiwanda na kumwambia afuate kifungu cha 37? Kumwachia yeye ukaguzi ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

JIBU KWA WENYE MALI

Watasema, kama wasemavyo daima, kwamba biashara zina misimu. Kwamba kahawa huiva kwa wakati wake, na maua huhitajika zaidi mwezi wa Februari. Kwamba ukimlazimisha mwajiri kumweka kila kibarua daima, atafunga kiwanda na wote wakose. Hoja hiyo nastahi kuijibu, kwa kuwa ndani yake mna ukweli kidogo.

Kazi ya msimu ni kazi ya msimu. Hakuna anayedai mchuma kahawa alipwe wakati mibuni haina buni. Sheria inaruhusu mkataba wa muda maalumu na wa kazi maalumu. Auandike mwajiri mkataba huo, aseme mwanzo wake na mwisho wake, na ukiisha, umeisha kweli. Tunachokataa ni kuita msimu kitu kisicho na msimu. Mwenye haja ya watu arobaini kila siku ya mwaka ana wafanyakazi arobaini, awaite jina lolote alitakalo. Kama biashara yake haiwezi kusimama ila kwa kuwanyima watu hao mapumziko ya siku 21 kwa mwaka, basi faida anayojivunia ni likizo ya maskini aliyoitia mfukoni.

KIPANDE KILICHOGEUZWA

Wazee wetu walikijua kipande. Ilikuwa ni hati ya usajili iliyowekwa na serikali ya kikoloni kwa sheria ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliibeba shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuingia kazini, mshahara, na tarehe ya kutoka, kisha akatia sahihi. Aliyeondoka bila sahihi hiyo alikuwa mtoro na alishtakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomwinua Harry Thuku, na mwezi wa Machi 1922 watu walipigwa risasi jijini Nairobi walipokuwa wakidai aachiliwe kutoka kizuizini.

Tazama jinsi dunia inavyogeuka. Mlowezi aliziandika siku za Mwafrika kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa maandishi yale yalimfunga mfanyakazi kwa bwana. Mwajiri wa leo haandiki, kwa kuwa maandishi sasa yangemfunga bwana kwa mfanyakazi. Zamani tulionewa kwa kalamu, na leo twaonewa kwa kukosekana kwake. Mkono unaoamua lini pawe na wino na lini pasiwe ni ule ule wa mwenye lango.

TUNADAI NINI?

Hatudai fadhila. Tunadai mambo manne.

La kwanza, kila kibarua apewe kumbukumbu ya siku aliyofanya kazi, kwa karatasi au kwa simu, siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka langoni. Kama kura zilivyohesabiwa pale zilipopigwa, siku nazo zihesabiwe pale zilipofanyiwa kazi, mbele ya aliyezifanya.

La pili, Bunge liseme wazi kwamba pengo lililosababishwa na mwajiri, huku kazi yenyewe ikiendelea, halikati utumishi. Na anayedai kwamba utumishi ulikatika athibitishe kwamba kazi ilikwisha. Kifungu cha 37 kiwakinge pia wanaolipwa kwa gunia na kwa kilo, ikiwa kazi yao ni ya kila siku.

La tatu, kiwanda kinachofaidika na jasho kiwajibike pamoja na wakala, na miaka ya mfanyakazi imfuate kila wakala anapobadilishwa.

La nne, serikali ianze na nyumba yake. Hesabu za wafanyakazi wa mikataba katika wizara, tume na kaunti zitolewe hadharani, pamoja na miaka ambayo kila mmoja ametumika.

Vyama vya wafanyakazi navyo visitazame pembeni. Chama kinachokusanya ada za wenye barua za kudumu na kuwapita walio mstarini kitajikuta siku moja hakina wanachama, kwa kuwa kila mwenye barua anapostaafu nafasi yake inatwaliwa na kibarua. Na vyama vya siasa, ambavyo kila baada ya miaka mitano huja malangoni asubuhi hiyo hiyo kugawa fulana na ahadi, viulizwe: mko upande gani wa hesabu hii?

Hata hivyo, usingoje Bunge. Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni kibarua, ama una kaka, dada au mzazi aliye kibarua, nunua daftari leo. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la nyapara, kazi uliyofanya na ulicholipwa. Andika pia siku ulizofungiwa lango, na ni wangapi waliofungiwa pamoja nawe. Hifadhi vikaratasi vya langoni. Usifute ujumbe wa malipo. Ukidhulumiwa, mwendee afisa wa leba, na kumbuka kwamba madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu. Ukikaa kimya zaidi ya hapo mahakama haitakusikia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku zako ndizo mali pekee uliyo nayo ya kuuza.

Mzee wa ghala la unga aliniuliza swali siku ya mwisho, akiwa amesimama mlangoni na mfuko wake mtupu. Aliuliza kama karatasi zile, ambazo sasa zilikuwa zimebaki katika faili yangu, zingeweza kurudishwa kwake kesi ikiisha. Nilimwuliza azitakia nini, ilhali mambo yamekwisha. Akasema alitaka watoto wake waone kwamba ile miaka tisa alikuwa kazini kweli.

Nilizirudisha zote. Sasa kazi imebaki kwetu, kuhakikisha kwamba watakaomfuata hawatahitaji mfuko wa plastiki ili kuthibitisha kwamba waliishi na walifanya kazi katika nchi yao wenyewe. Tulizihesabu kura. Tuzihesabu na siku.